Semina ya siku mbili kwa meneja mpya, Kampala: sehemu zinazofaa kulipiwa na zile za kuruka

Keshia aliyehesabu pesa miaka 4 bila upungufu anapandishwa cheo, anakuwa msimamizi wa kaunta nzima. Fundi hodari wa kiwanda cha Namanve anakabidhiwa zamu ya watu 14. Barua inatoka Ijumaa, kazi inaanza Jumatatu. Kile walichokifanya vizuri kwa mikono yao si kazi yao tena. Sasa wanalipwa ili wengine wafanye vizuri, na hakuna aliyewaonyesha namna. Hapo ndipo mwajiri anayejali huanza kuulizia semina.

Kampala semina za aina hii hazikosekani. Kifurushi cha kawaida ni siku 2 hotelini, chai mara mbili kwa siku, chakula cha mchana, daftari, kalamu na cheti. Majina ya makampuni yanatofautiana lakini yaliyomo yanafanana sana: mchezo wa kujenga mnara, hatua za ukuaji wa timu, mitindo ya uongozi, kutoa mrejesho, kukasimu kazi, na kwa anayeongeza pesa, siku ya matembezi Jinja. Kwa hiyo uhakiki huu unafuata yaliyomo, somo baada ya somo. Ukishayajua, unaweza kupima ofa yoyote itakayowekwa mezani kwako.

Hukumu yetu ni kwamba semina inafaa kununuliwa kwa masharti matatu: washiriki wasizidi 15, nusu ya saa zote ziwe za kufanya mazoezi ya mazungumzo magumu, na pawepo ufuatiliaji wa wiki 8 baada ya cheti. Sharti moja likikosekana, omba bei ipungue. Yakikosekana yote matatu, wape mameneja wako siku mbili za mapumziko, watakushukuru zaidi.

Idadi ya 15 inatokana na hesabu. Zoezi la mazungumzo hufanywa na watu watatu watatu: mmoja meneja, mmoja mfanyakazi, mmoja mtazamaji. Mzunguko mmoja unataka dakika 8 za kuongea na 7 za kuchambua, yaani dakika 15, na ili kila mtu akae kwenye kiti cha meneja inahitajika mizunguko 3, dakika 45. Watu 15 ni makundi 5, na mwezeshaji mmoja anaweza kukaa dakika 9 kwenye kila kundi, muda wa kutosha kusikia mazungumzo mamoja mazima. Watu 40 ni makundi 13 na mtu mmoja anabaki pembeni. Kila kundi litapata dakika 3 na ushei, na hapo mwezeshaji anapita tu akitabasamu. Anayekuahidi "semina shirikishi" kwa watu 40 bila wasaidizi muulize atawasikilizaje.

Dalili nyingine ya semina nzuri inaonekana wiki moja kabla. Mwezeshaji anayeijua kazi yake hutuma maswali mafupi kwa kila mshiriki: unaongoza watu wangapi, wangapi kati yao walikuwa wenzako wa meza moja, na ni mazungumzo gani unayoyaahirisha hadi leo. Majibu ya swali hilo la tatu ndiyo yanayopaswa kuwa mazoezi ya siku ya pili. Asiyeuliza atakuletea mifano ya kampuni ya ndege ya Marekani, na msimamizi wa duka la jumla la Kikuubo hatajiona ndani yake.

Sasa tuingie ukumbini.

Siku ya kwanza kwa kawaida huanza na mnara wa tambi. Mchezo huu ulibuniwa na Peter Skillman, kisha Tom Wujec akaueneza duniani kwa hotuba yake ya 2010. Vifaa vyake ni rahisi: watu 4 kwa timu, vijiti 20 vya tambi mbichi, uzi wa sentimita 90 hivi, utepe wa gundi wa urefu huohuo, na marshmallow moja, ile peremende nyeupe laini kama pamba. Dakika 18. Mnara lazima usimame wenyewe na peremende iwe juu kabisa. Timu yenye mnara mrefu zaidi inashinda.

Makosa yanayotokea ni yaleyale kila mara. Watu wazima hutumia dakika za mwanzo kujadili nani aongoze, halafu huchora, halafu hujenga. Peremende inakumbukwa dakika ya 17. Inapowekwa juu, tambi zinajikunja na mnara unalala mezani, kwa sababu mzigo unaoonekana mwepesi mkononi ni mzito kwenye ncha ya kijiti chembamba kilichosimama wima. Watoto wa chekechea hufanya vizuri kuliko wahitimu wa shule za biashara, kwa kuwa huanza na peremende mkononi na kujaribu tangu dakika za mwanzo. Fundisho kwa meneja mpya ni la moja kwa moja: sehemu ya mpango unayoidhania ndogo ijaribu mapema. Ratiba mpya ya zamu ipitishe wiki moja kwa watu watatu kabla ya kuibandika ukutani kwa wote.

Mchezo wenyewe tunausifu. Tatizo ni kinachofuata, maana mara nyingi hakifuati kitu. Washindi wanapigiwa makofi, wanapigwa picha, watu wanaenda kunywa chai. Dakika 18 za mchezo zinadai angalau 25 za kuchambua, na maswali matatu yanatosha: nani aliona mapema kwamba utaanguka, kwa nini alinyamaza, na ofisini kwenu nani ananyamaza vivyo hivyo. Swali la mwisho ndilo linalolipia mchezo. Lisipoulizwa, mmecheza tu. (Kwa atakayeuendesha mwenyewe kazini: chagua tambi nene, zile nyembamba sana zinakatika kabla hata ya fundisho. Marshmallow ikikosekana dukani, finyanga sehemu laini ya ndani ya mkate iwe tonge dogo la ukubwa wa ncha ya kidole gumba.)

Hatua za ukuaji wa timu hazihitaji zaidi ya nusu saa. Bruce Tuckman alizipanga 1965: kukutana, kuvutana, kukubaliana taratibu, kisha kufanya kazi kwa ukamilifu; 1977 akiwa na Mary Ann Jensen akaongeza ya tano, kuagana. Wawezeshaji wengi huzichora kama ngazi unayopanda mara moja tu. Sivyo zinavyokwenda. Akiingia mtu mmoja mpya, au akiondoka mmoja aliyekuwa nguzo, timu hurudi kwenye kuvutana, na meneja asiyelijua hilo hudhani ameshindwa kazi. Kwenye biashara za Uganda ambako vibarua huja na kuondoka kwa msimu, kurudi nyuma huko ni jambo la kila mwezi. Mshiriki akitoka na wazo hilo moja, somo limelipa.

Mrejesho ndio moyo wa semina yote. Hapa ndipo pa kuwa mkali na anayekuuzia.

Njia inayofundishwa zaidi ni ile ya Center for Creative Leadership ya Marekani: taja hali, taja tendo, taja athari. Hali ni wapi na lini. Tendo ni kile ambacho kamera ingekiona. Athari ni kilichotokea kwa sababu ya tendo hilo. Ubaoni inaonekana nyepesi. Mdomoni ni ngumu, na Uganda ina ugumu wake: meneja wa miaka 27 anatakiwa kumrekebisha mtunza stoo wa miaka 54 ambaye kila mtu pale kazini anamwita Mzee. Kumkosoa mkubwa kunaonekana utovu wa adabu, kwa hiyo kijana ananyamaza miezi mitatu, halafu siku moja analipuka. Vyote viwili ni makosa, na semina isiyoligusa jambo hili imeruka mtihani halisi.

Tusikie namna mbovu kwanza: "Mzee, siku hizi umekuwa mzembe, watu wote wanalalamika." Hapo mna hukumu juu ya tabia ya mtu, hakuna siku wala tendo, na wamefichwa mashahidi wasiotajwa. Mzee atajitetea, na ana haki.

Namna inayofanya kazi ni hii. Faragha, milango ikiwa imefungwa, salamu zote zikamilike kwanza bila haraka: za nyumbani, za watoto, za safari. Kisha: "Mzee wangu, nina jambo la kazi. Jana jioni wakati wa kufunga stoo, fomu ya mizigo haikujazwa. Leo asubuhi lori la Mbale limekaa saa mbili getini kwa sababu hakuna aliyejua zimebaki katoni ngapi. Ilikuwaje?" Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Wengi hushindwa kunyamaza. Wanaanza kujibu wenyewe, "labda ulichoka, basi si neno," na mazungumzo yanakufa. Akishaeleza, na mara nyingi kuna sababu ambayo meneja hakuijua, mkubaliane kitu kimoja chenye siku: "Basi kuanzia leo fomu iwe mezani kwangu saa kumi na mbili kabla ya kufuli. Ijumaa tutaangalia pamoja." Heshima imebaki kwenye salamu, kwenye jina na kwenye faragha; ukweli haukupunguzwa hata kidogo. Tunalisisitiza kwa sababu vijana wengi wazuri wanaharibikiwa hapa, na wazee wengi wazuri wanaachishwa kazi bila mtu kuwahi kuwaambia wazi kilichokuwa kibaya.

Bado kuna semina zinazofundisha kufunika lawama kwa sifa: sifa moja, kosa moja, sifa nyingine. Hatuipendekezi. Msikilizaji ama anashika sifa mbili na kwenda nyumbani akiwa na furaha, ama anajifunza kwamba kila sifa ni mlango wa lawama. Sifa itolewe siku yake, nayo kwa mpangilio uleule wa hali, tendo na athari.

Mwezeshaji aseme pia juu ya WhatsApp. Lawama haiandikwi kwenye kundi la kazi, hata bila jina, kwa maana watu 20 watajua anasemwa nani kabla yake. Kundi ni la matangazo na pongezi. Kosa ni la ana kwa ana. Mtu akiwa mbali, kama dereva aliye njiani kutoka Gulu, ni la simu baada ya kuegesha gari.

Kuna zoezi moja ambalo lisipokuwepo kwenye ratiba unapaswa kulidai: mazungumzo ya kwanza na waliokuwa wenzako. Wiki iliyopita mlikula rolex (chapati iliyoviringwa na mayai) pamoja kwenye kibanda cha nje, leo unasaini likizo yao. Meneja azungumze na kila mmoja peke yake ndani ya siku 5 za kwanza, dakika 20 zinatosha. Aseme kilichobadilika: zamu, likizo na tathmini sasa zinapita kwake. Aseme kisichobadilika, salamu na utani. Aseme ni siri zipi za ofisi hatazitoa tena hata akiulizwa kirafiki. Na kama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wafanyakazi, akabidhi daftari kwa mwingine mwezi huohuo. Mtu mmoja kushika akiba yako na tathmini yako kwa pamoja ni mzigo ambao urafiki hauwezi kuubeba. Kila mkopo utakaokataliwa utahesabiwa kuwa adhabu ya kazini.

Kukasimu kazi hufundishwa vizuri mahali pengi, ila kwa maneno mengi mno. Vinavyohitajika ni vitano: matokeo, kiwango, mpaka wa uamuzi, siku ya kuchungulia na siku ya mwisho. "Nisaidie hesabu ya stoo" haina hata kimoja. Linganisha na hii: "Hesabu ya stoo ya mwezi huu ikamilike tarehe 28 saa kumi na moja jioni. Tofauti isiyozidi vipande 5 kwa bidhaa irekebishe mwenyewe; ikizidi, nipigie kabla hujagusa kitabu. Tarehe 20 tutaangalia rafu 3 pamoja." Kisha mtu arudie kwa maneno yake alichoelewa. Ukiuliza "umeelewa?" utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu.

Kinachoharibika ni meneja kuichukua kazi tena akiona inakwenda polepole. Hesabu inamsaidia kuvumilia. Kazi ya kila wiki inayomchukua meneja dakika 40 inakula saa 34 na zaidi kwa mwaka. Kumfundisha mwingine mara tatu, kila mara saa 2, ni saa 6. Anayesema "ni haraka nikifanya mwenyewe" amehesabu wiki moja tu.

Kwenye somo hilohilo utakutana na mitindo minne ya Paul Hersey na Ken Blanchard, waliyoanza kuieleza 1969: kuelekeza, kufundisha, kuunga mkono, kukabidhi. Ni nyenzo nzuri ikitumika sawasawa. Kosa la wawezeshaji wengi ni kuwabandika watu alama, huyu ni wa kuelekezwa, yule ni wa kukabidhiwa. Alama iwekwe kwenye kazi. Dada wa mauzo aliyekaa miaka 8 anakabidhiwa wateja wote bila shaka, lakini mfumo mpya wa ankara ulipofika juzi, kwake ni mwanafunzi kama wengine na anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua. Meneja anayemwacha peke yake kwa kuwa "ni mzoefu" anamtelekeza.

Somo jingine ambalo tungependa lipewe muda zaidi ni uhuru wa kusema kosa. Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali Marekani miaka ya 1990 aligundua kitu kilichomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri zaidi zilikuwa na makosa mengi zaidi ya dawa kwenye kumbukumbu. Maelezo yakawa kwamba zilikuwa huru kuyasema. Lete hilo kaunta. Msimamizi ambaye makeshia wake hawajawahi kuripoti upungufu hata wa shilingi 2,000 asifurahi haraka. Inawezekana wanaufidia mifukoni mwao, au wanaungoja ukaguzi. Zoezi linalofaa ni fupi: mshiriki aandike sentensi atakayoitamka mtu akimletea kosa kwa mara ya kwanza, kisha aiseme kwa sauti mbele ya mwenzake. "Asante kwa kuniambia mapema, tuanzie wapi kurekebisha?" Sauti na uso vinahesabika kuliko maneno, na hivyo havifundishwi kwa slaidi.

Sasa pengo kubwa. Semina nyingi za uongozi hazigusi sheria, eti ni kazi ya idara ya rasilimali watu. Lakini anayetamka "toka, usirudi kesho" ni meneja, si idara. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu kuwa na mtu wa chaguo lake kwenye kikao. Asipofanya hivyo anadaiwa mshahara halisi wa wiki 4, hata kama kosa lenyewe lilikuwepo. Adhabu za nidhamu zinazotajwa ni onyo la maandishi, karipio na kusimamishwa kazi, na mwajiri aliyelijua kosa akakaa siku 15 bila kuchukua hatua anahesabiwa ameiacha haki hiyo. Ndiyo maana tabia ya kukusanya makosa ya mwaka mzima kwenye daftari na kuyamwaga Desemba haifai kwa usimamizi wala kwa sheria.

Meneja mpya anatakiwa kuzijua na tarakimu chache bila kufungua kitabu. Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na unaweza kuongezwa miezi 6 mingine mfanyakazi akikubali. Saa za kazi ni 48 kwa wiki. Likizo ya mwaka inahesabiwa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi. Notisi ya kuachishwa ni wiki 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka, mwezi 1 kwa mwaka 1 hadi 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, miezi 3 baada ya hapo. Saa moja na nusu inatosha kwa haya yote pamoja na zoezi la kuendesha kikao cha nidhamu. Mwezeshaji asipolijua somo hili, mwombe amwalike wakili wa masuala ya ajira kwa kipindi hicho kimoja. Semina iliyo na kipindi hiki tunaipa alama za juu hata kama chakula ni kibaya.

Tukifika kwenye chakula na ukumbi: hakikisha viti vinasogezeka na hakuna safu za kudumu, la sivyo makundi ya watu watatu hayawezekani. Anza saa tatu, si saa mbili. Msongamano wa Jinja Road na Entebbe Road utakuibia nusu ya washiriki asubuhi, na ukianza nao hawapo watakosa mnara. Mengine ya hoteli ni mapambo.

Siku ya Jinja huuzwa kama kilele cha mafunzo. Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi, na foleni ya Mukono inaweza kuirefusha safari kupita kiasi, kwa hiyo basi liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Kupanda mtumbwi wa mpira kwenye maporomoko ya Nile ni furaha kubwa, na watu waliokuwa hawasemezani hucheka pamoja. Ila tuwe wakweli: mtoni aliye nyuma anaamuru "piga kasia" na wote wanapiga. Kazini amri ya namna hiyo haipo, na hakuna mawimbi yatakayokufundisha kumwambia Mzee kuhusu fomu yake. Ilipie siku hii kama shukrani kwa timu baada ya msimu mgumu, kwa fungu la shukrani. Usiihesabu ndani ya bajeti ya mafunzo.

Ukiamua kwenda, uliza mambo manne: jaketi za kuokolea na kofia ngumu kwa kila mtu, mtumbwi wa uokoaji unaofuata, njia tulivu kwa wasiojua kuogelea, na shughuli ya nchi kavu kwa asiyetaka maji kabisa. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye hofu ya maji, wote wasilazimike kueleza sababu mbele ya wenzao; fomu ya kuchagua shughuli ijazwe kwa siri siku tatu kabla. Meneja anayemsukuma mtu mtoni kwa makofi ya kundi amebomoa imani ambayo semina nzima ilijaribu kujenga. Kwa bajeti ndogo, bustani ya mimea ya Entebbe na mpira wa miguu inatosha.

Fomu ya tathmini inayogawiwa jioni ya pili usiitegemee. Donald Kirkpatrick alieleza tangu 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi 4: walifurahi, walijifunza, wamebadili tabia, matokeo yamebadilika. Fomu ya jioni inagusa ya kwanza tu. Ya tatu ndiyo unayoilipia, nayo haionekani kabla ya mwezi. Kwa hiyo ufuatiliaji uandikwe kwenye mkataba: kikao cha dakika 60 kwa simu au ana kwa ana wiki ya 2, ya 4 na ya 8, makundi yaleyale ya watu watatu, kila mtu akileta mazungumzo moja aliyofanya na moja aliyoshindwa. Katikati ya hapo kila meneja awe na kikao cha mtu mmoja mmoja na watu wake: dakika 30, kumi za mfanyakazi, kumi za kazi, kumi za kujifunza. Mwenye watu 8 atatumia saa 4, kwa hiyo afanye kila baada ya wiki mbili, wanne wiki hii na wanne ijayo. Na bosi wa huyo meneja lazima aulize, "kikao chako na Mzee kilikwendaje?" Bosi asipouliza, tabia ya zamani inarudi kabla ya wino wa cheti kukauka.

Kwenye bei, uliza kwanza kama VAT ya asilimia 18 imo ndani. Tuseme umeambiwa shilingi 500,000 kwa mtu. Ikiwa VAT haimo, ni 590,000, na kwa watu 12 tofauti ni shilingi 1,080,000. Kama kampuni yako imeteuliwa kukata kodi ya zuio, asilimia 6 inabaki kwako kwa niaba ya URA, mamlaka ya mapato. Mweleze mwezeshaji kabla, ugomvi wa ankara hutokea hapo. Gawanya malipo: asilimia 70 baada ya siku ya pili, 30 baada ya kikao cha wiki ya 8. Mwezeshaji anayejiamini hukubali. Anayekataa katakata amekuambia kitu kuhusu wiki hizo 8.

Kwa biashara zilizo Busia, Arua au Kasese, ni nafuu kumleta mwezeshaji mmoja kwako kuliko kuwapeleka watu 12 Kampala na kuwalaza hotelini. Ukimleta, mpe sharti la lugha. Slaidi zinaweza kuwa kwa Kiingereza, lakini mazoezi ya mazungumzo yafanywe kwa lugha ambayo meneja ataitumia kesho yake stoo, iwe Kiswahili, Lugbara au Lukonzo. Aliyefanya mazoezi kwa Kiingereza hukwama kwenye sentensi ya pili akiwa mbele ya Mzee, kwa sababu maneno ya heshima hakuyapanga. Kama mwezeshaji haijui lugha hiyo, akae kama mtazamaji na mtu wa pale amfasirie pembeni. Dakika za mzunguko ziongezwe kutoka 15 hadi 20, na washiriki wapunguzwe hadi 12.